Kwa Mpwa Wangu, Kabla Hujawasha Moto Parklands

Kibokoni, Mombasa
Mwishoni mwa Mei

Mpwa wangu Rehema,

 

Nimeiona picha ya meko ya ukutani uliyonitumia, na ule ubao wa plaiwudi uliopigiliwa misumari mdomoni mwake. Unasema baridi ya Parklands imewazidi, na kwamba Jumamosi hii mumeo ataubandua na kuwasha moto. Usimruhusu, mwanangu. Mwambie mjomba kasema asubiri, hasira anitupie mimi.

Simkatazi mtu moto. Nimefanya kazi ya uashi Nairobi kuanzia ujana hadi mgongo uliponirudisha kwetu, na raha ya kuni zinazowaka usiku wa Julai, nje nyuzi 11 au 12, naijua. Lakini ubao ule haukujipigilia wenyewe. Aliyeuweka alikuwa na sababu: pengine moshi ulimrudia sebuleni, pengine nyuki walihamia ndani ya dohani, pengine aliona ufa akaogopa. Hujui ni ipi, na mtu hafungui mlango uliofungwa na mwenzake kabla ya kuuliza kwa nini ulifungwa.

Tena tuambiane ukweli. Meko ya wazi hupasha nyumba joto dogo sana. Sehemu 8 au 9 katika 10 za joto la kuni hupanda na moshi zikaenda kuwapasha kunguru. Kama shida ni baridi tu, nunua mablanketi mazito na uzibe nyufa za yale madirisha ya chuma. Utatumia pesa kidogo na utalala vizuri zaidi. Na huyo mtoto mdogo anayekohoa, daktari akikwambia ni pumu, basi mazungumzo yamekwisha: ubao ubaki, weka maua mbele yake. Moto wa kuni sebuleni ni anasa. Anasa si haramu, ila ina gharama zake, na gharama kubwa haiko pale mdomoni unapopapenda. Iko juu, usipopaona.

Basi anza juu. Tafuta fundi atakayepanda paani. Akija mtu akachungulia kutoka chini na tochi ya simu, akasema "hii iko sawa, mama", mpe chai na umuage kwa heshima. Anayeijua kazi atapanda kwa uangalifu, maana vigae vya zamani huvunjika ovyo, kisha atateremsha taa kwa kamba ndani ya dohani mpaka ifike chini. Atazame viota, matofali yaliyoanguka, nyufa, na masizi. Masizi ya unga hupanguswa yakatoka. Yale yaliyoganda ukutani, meusi na ya kung'aa kama lami mpya, ndiyo adui: ni mvuke wa kuni mbichi uliopoa njiani ukashika, na siku ukishika moto dohani nzima hunguruma, joto likapita nyuzi 1,000. Matofali ya zamani hayastahimili hayo.

Akimaliza juu, aingie darini. Hapa ndipo mafundi wengi hukwepa, kwa sababu ya vumbi na kinyesi cha popo, na ndipo mimi nilipoona mambo. Nyumba hizo za mawe ya kuchongwa kwa mkono zilijengwa na waashi hodari, wengi wao wakiwa Wahindi wa Punjab na Kutch, na kuta zao hadi leo zinatia haya majengo mapya. Lakini baada yao wamepita maseremala wa kila aina. Utakuta boriti imechomekwa ndani kabisa ya ukuta wa dohani kwa sababu mtu alitaka pa kuishikiza. Ukiigusa, upande unaogusa matofali ni wa kahawia iliyoiva, na kucha inaingia bila kutumia nguvu. Mbao iliyopashwa joto miaka na miaka haihitaji mwali. Huja siku ikawaka kwa joto ambalo mbao mpya isingelijali. Kila mbao iachane na dohani kwa sentimita 5 au zaidi. Iliyochomekwa ikatwe na iegemezwe penginepo.

Fundi akiwa bado darini, mumeo awashe karatasi chache na majani mabichi kidogo huku chini, dakika moja tu, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Aliye darini azime tochi, kisha aiwashe. Ukionekana uzi wa moshi ukipenya kati ya matofali, hakuna moto mpaka dohani itiwe bomba jipya ndani.

Kuna jambo jingine la Parklands ambalo vitabu vya Wazungu havitakwambia. Mwashi aliyepandisha dohani yako alikuwa na bustani na miti pande zote. Leo una ghorofa ndefu hatua chache kutoka kwenye ua wako, na nasikia nyingine inachimbiwa msingi. Upepo ukivuka jengo refu huporomoka upande wa pili, na ukikuta dohani fupi huusukuma moshi chini sebuleni. Nairobi pepo nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo tazama ghorofa iko upande gani. Kanuni ya zamani inasema dohani ichomoze sentimita 90 juu ya pale inapotokea paani, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake. Kanuni hiyo haikulijua jengo jirani la ghorofa nyingi. Kofia ya chuma inayozuia upepo itasaidia, ila haitafanya miujiza. Na fikiria huyo anayeishi ghorofa ya tatu, dirisha lake likitazamana na moshi wako. Nenda kamsalimie kabla hajakuletea askari wa kaunti.

Hiyo kofia iwe na wavu. Kima wa City Park hawaombi ruhusa kwa mtu, na ndege wanalipenda tundu lenye joto.

Utajuaje kama dohani inavuta ipasavyo? Pima. Eneo la njia ya moshi lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo wa meko. Mdomo wa sentimita 90 kwa 70 unataka njia ya 25 kwa 25 na ushei. Hiyo ni hesabu ya watu wa chini, wanaokaa karibu na bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko hii yetu kwa karibu sehemu moja katika sita, kwa hiyo moshi husukumwa kwa nguvu ndogo. Hapo ongeza upana, au urefu, au punguza mdomo. Kupunguza mdomo ndiyo njia rahisi: inua sakafu ya meko kwa safu moja ya matofali, au ning'iniza bamba la chuma la kama sentimita 10 kwenye ukingo wa juu wa mdomo, uone moshi unavyofuata adabu. Mmarekani mmoja aliyeitwa Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, aliandika kuhusu jambo hili mnamo 1796. Alisema meko za London zilikuwa kubwa mno na koo zake pana mno. Akazifanya ndogo, akalaza mashavu ya pembeni ili joto lirudi chumbani. 

Nilikuwa nimesahau swali la mumeo kuhusu kujenga upya. Rai yangu: msijenge meko mpya ya wazi. Kama mna uwezo, nunueni jiko la chuma lenye mlango wa kioo, liingizwe kwenye mdomo ule ule wa zamani, na bomba la chuma kisichoshika kutu lipande ndani ya dohani mpaka juu kabisa, si nusu. Linatumia kuni chache, linatoa joto mara kadhaa zaidi, na cheche hazirukii zulia. Fundi akitaka kukata bomba katikati ya dohani "moshi utajipeleka wenyewe", huyo anakutengenezea masizi pale pale ambapo hutaweza kuyafikia. Mkibaki na meko ya wazi, ndani itandikwe matofali ya kuhimili moto kwa udongo wake maalumu. Saruji ya kawaida hupasuka kwa joto. Wala msipambe kwa mawe ya mtoni. Yakiwa na maji ndani hupasuka kwa kishindo. Mbele ya mdomo sakafu iwe ya mawe au vigae kwa sentimita 50, na 30 kila upande. Picha yako inaonyesha parke inafika hadi mdomoni. Hiyo ing'olewe.

Wavu wa kusimama mbele na ndoo ya majivu yenye kifuniko vichongeshe Kamukunji, kwa watu wa jua kali. Wape vipimo kwa maandishi, na usichukue ndoo ya bati jembamba.

Kuni. Sasa hivi mvua ndiyo imekwisha, na utaona marundo barabara ya Limuru, bei nzuri. Usinunue. Kuni hizo zimenyeshewa tangu Machi. Kuni za kuwasha Julai hununuliwa Januari au Februari, jua likiwa kali, zikapasuliwa na kupangwa juu ya nguzo mbili, juu ziezekwe mabati, pembeni pawe wazi. Zisiegemee ukuta wa nyumba, maana mchwa wakimaliza kuni wanaulizia milango. Muwati ni mzuri kupita yote ninayoyajua huko. Mkaratusi unafuata, lakini upewe mwaka mzima ukauke. Saipresi hutoa cheche na utomvu, itumie kuwashia tu. Kuni iliyokauka ina nyufa kichwani, na ukigonga mbili pamoja zinalia. Mbichi inajibu kwa sauti ya kuziba. Ukipata kile kipimo cha umeme cha unyevu, kisizidi asilimia 20. Mbao za rangi, plaiwudi, vipande vya nguzo za stima zilizotiwa dawa, hivyo havipiti mlangoni kwako hata bure, kwa sababu moshi wake ni sumu. Na ukiweza, muulize muuzaji kuni zimetoka shamba la nani. Aliyekulia karibu na Karura na kuona watu walivyopigwa wakiutetea msitu ule mwaka 1999 hawezi kununua mti bila kuuliza.

Dohani ipanguswe kila mwaka, Aprili au Mei, na mapema zaidi masizi yakifika unene wa milimita 3. Mpe anayepangusa barakoa na nguo za kufunika mwili, na maji ya kuoga. Tangu 1775 daktari Percivall Pott wa London alionyesha kwamba masizi huwapa wapanguzaji saratani. Hatuna udhuru wa kumwacha kijana wa watu afanye kazi hiyo kifua wazi.

Majivu yakae ndani ya ile ndoo, nje, juu ya sakafu ya saruji, siku tatu nne. Kaa moja likijificha ndani ya jivu huishi muda mrefu kuliko unavyodhani, na mapipa ya taka mengi yameungua hivyo.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu. Kwenye ile picha, pembeni ya meko, nimeona jiko la makaa. Kama wapangaji waliotangulia walikuwa wakiliwasha humo ndani na dohani ikiwa imezibwa, Mungu aliwahurumia. Kila msimu wa baridi Kenya inazika watu waliolala na jiko chumbani. Makaa hayana moshi, ndiyo maana watu wanayaamini. Yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo damu huishika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, miguu inalegea, kichefuchefu, usingizi. Mtu anadhani ni uchovu wa kazi. Kwa sababu hiyo hiyo, kile kilango cha chuma ndani ya dohani kisifungwe usiku wakati makaa bado mekundu, hata mumeo aseme joto linatoroka. Dirisha lifunguliwe upana wa vidole viwili, feni ya jikoni ya kuvuta hewa izimwe, na mnunue kengele ya kugundua hewa hiyo. Kichwa kikiwauma wawili kwa pamoja, tokeni nje kwanza, mjadili baadaye.

Dohani ikishika moto, utasikia mngurumo kabla ya kuona lolote. Watoto nje, funga kilango kama kinafikika, piga 999 au 112. Usimwage maji ndani. Matofali ya moto yakipigwa maji yanapasuka.

Mwisho ni mwenye nyumba. Mpango wake, nijuavyo watu wa Parklands, ni kuuza kiwanja, kwa hiyo hatatoa hata shilingi. Lakini ruhusa mpate kwa maandishi, na gharama ya bomba mkubaliane ikatwe kwenye kodi. Jiko la chuma muandike kuwa ni lenu, mtaondoka nalo. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kabla, isije ikawageukia baadaye.

Fundi akishaingia darini nitumie picha ya zile boriti, za karibu, mwanga ukitoka pembeni. Na ukienda South C mwambie mama yako nguru wake nimempa dereva wa basi la usiku. Amfuate stendi alfajiri, kabla jua halijapanda.

Wasalaam,
Mjomba wako