Timu ya Masisi iliyohamia ndani ya mashini

WALIKALE – Saa kumi na mbili jioni, simu za mwisho zikishatolewa kwenye waya, kuna kibanda kimoja cha kuchaji simu hapa Walikale-centre ambacho hakifungwi. Vijana wanaingia mmoja mmoja, wanakaa juu ya mabidoni na vigoda. Mwenye kibanda anafungua mashini yake ya zamani, ile kompyuta ya kubeba mkononi ambayo mchana anaitumia kuweka nyimbo kwenye simu za wateja. Kama jua liliwaka vizuri na batri imejaa, kuna mechi. Kama mvua ilinyesha mchana kutwa, hakuna mechi, na watu wanarudi kwao kama mashabiki ambao mwamuzi wao hakufika.

Mechi hiyo si ya televisheni. Ni mchezo wa kompyuta unaoitwa Championship Manager, toleo la 01/02, lililotoka Uingereza mwaka 2001. Walioanzisha mchezo huo ni ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, na toleo la kwanza kabisa lilitoka 1992. Humo mtu hapigi mpira kwa vidole. Anakuwa kocha: anachagua kikosi, anapanga mbinu, ananunua na kuuza wachezaji, anahesabu mishahara, kisha anakaa kuangalia kitakachotokea. Hakuna picha ya mchezaji anayekimbia. Kuna maandishi tu ya Kiingereza yanayopita kwenye ukanda mmoja, sentensi moja baada ya nyingine, hadi dakika ya 90.

Mwishoni mwa 2008 toleo hilo liliachwa litumike bure. Tena ni jepesi, hata mashini iliyochoka inalibeba, na halidai intaneti. Ndiyo maana liliweza kufika Masisi ndani ya flashi kutoka Goma.

Vijana wengi kibandani hawajui Kiingereza. Kwa hiyo mwenye kibanda anasoma maandishi na papo hapo anatangaza kwa Kiswahili, sauti ikipanda na kushuka kama mtangazaji wa redio. "Anapokea pembeni, anamtoka beki mmoja, anamimina krosi..." Hapo ananyamaza kidogo kwa sababu mashini nayo inafikiri. Kibanda kizima kinanyamaza naye. Wapita njia husimama nje wakidhani Leopards wanacheza.

Mwenye kibanda ana miaka 26. Kwao Masisi-centre alikuwa katibu wa timu ya mtaa, timu isiyo na ofisi wala basi, yenye seti moja ya jezi nyekundu na daftari moja. Katika daftari hilo yalikuwemo majina ya wachezaji 18, namba zao za simu, nani amelipa mchango wa mpira mpya na nani bado. Vita vilipoingia Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025, alitoka na wadogo zake kwa njia ya Nyabiondo, wakapita Kashebere na Kibua. Mashini aliifunga kwa kitenge ndani ya mfuko wa maharagi. Daftari aliliweka kifuani. Jezi zilibaki kwa prezida wa timu, na prezida alikimbilia upande mwingine.

Wachezaji nao walitawanyika. Saba walifika Walikale. Wengine walishuka Sake na Goma. Wengine walibaki vijijini kwa wajomba. Mmoja, kipa wao, hakuna aliyemuona tangu siku ile ya kukimbia, na simu yake haipatikani.

Katika mchezo wa kompyuta, timu yao ni Scarborough. Ni klabu ya mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uingereza. Mwenye kibanda hakutaka Manchester wala Arsenal. Alishuka hadi chini kabisa ya orodha, daraja la tano lililoitwa Conference, lenye timu 22, na wakati ule moja tu ndiyo iliyokuwa inapanda. Aliichagua Scarborough kwa sababu mbili: jezi yake ni nyekundu, na jina lake liliwachekesha wenzake walipojaribu kulitamka. Kibandani inaitwa Skaboro.

Anayeongoza timu kubwa hujiuliza amnunue nani. Anayeongoza timu ya daraja la tano hujiuliza kwanza kama mshahara wa mwezi huu utatoka. Hana pesa ya kununua, kwa hiyo anatafuta wachezaji ambao mikataba yao imekwisha na hakuna anayewataka. Anaomba vijana wa kuazima kutoka timu kubwa, akijua kwamba wakishazoea tu wataitwa kwao. Anamtunza beki wa miaka 35 ambaye mbio zimekwisha lakini anajua pa kusimama. Kiungo mmoja akiumia goti, mpango wote wa msimu umeharibika. Vijana wa Masisi hawakuhitaji kuelezwa mambo hayo mara mbili.

Mchezo una chombo cha kubadilisha majina. Usiku mmoja mwenye kibanda alifungua daftari na kuwaandika wenzake ndani ya Skaboro, wote 18. Hapo ndipo kelele zilipoanza, kwa sababu kila mchezaji hupewa alama kutoka 1 hadi 20: mbio, nguvu, pasi, vichwa, moyo wa kupambana.

"Mbio 9? Mimi?" winga alisimama. "Kaka, wewe mwenyewe ulikuwa unanipigia firimbi nipunguze!"

"Ulikuwa unakimbia vizuri dakika 20 za kwanza," katibu alijibu. "Kisha unashika kiuno."

Kibanda kilicheka hadi mama muuza mandazi akaja kuchungulia. Mwishowe winga alipewa 14 ya mbio na 6 ya pumzi, akakubali kwa shingo upande.

Alama hizo zimewahi kudanganya hata wataalamu. Katika toleo hili yumo kijana anayejulikana na wapenzi wa mchezo huu duniani kote: Tonton Zola Moukoko, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1983, akakulia Sweden, kisha akachukuliwa na timu ya vijana ya Derby County ya Uingereza. Waliotengeneza mchezo walimpa kipaji kikubwa, na ndani ya mashini anakuwa nyota. Katika maisha halisi hakucheza hata mechi moja ya timu ya kwanza ya Derby. Alikwenda kuchezea klabu ndogo. Vijana walifurahi sana kusikia kuna mtoto wa Kongo humo, kisha waliposikia mwisho wake walikaa kimya. Mmoja alisema: "Basi mashini inajua miguu tu. Haijui maisha ya mtu."

Kipa alikuwa swali lingine. Wengine walisema nafasi yake iachwe wazi, kwa kuwa hawajui aliko. Katibu alikataa. Alimwandika na kumpa alama alizostahili: mikono 15, kuruka 13, moyo wa kupambana 7, kwa sababu alikuwa mwoga wa krosi na kila mtu anajua. Skaboro ikaanza msimu naye golini.

Mama wa kipa yuko Walikale, anaishi katika familia iliyompokea. Huleta simu yake kuchaji hata ikiwa na moto, labda kwa sababu anaogopa izime siku mtoto atakapopiga. Siku moja alisikia jina la mwanawe likitangazwa ndani ya kibanda. Aliingia haraka. Vijana wote walisimama, hakuna aliyejua pa kuangalia. Katibu alimpa kigoda, akamweleza polepole kwamba ni mchezo tu, ni maandishi, si habari.

Mama aliangalia kioo kwa muda. Hajui kusoma.

"Na leo amedaka?" aliuliza.

"Amedaka, mama. Hatujafungwa."

"Krosi je?"

"Krosi bado anaziogopa."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu wamjue hapa. Tangu siku hiyo, akija kuchukua simu, huuliza matokeo. Katibu humwambia ukweli: wameshinda, wametoka sare, au wamefungwa matatu. Hajawahi kumwambia zaidi ya hayo. Lakini siku iliyofuata alinakili jina kamili la kipa, umri na mahali alipoonekana mwisho, akampeleka mama kwa watu wa Msalaba Mwekundu, ambao hutafuta ndugu waliopotezana katika vita bila kudai malipo. Familia nyingine zilizopotezana na watoto zinaweza kufanya vilevile.

Katikati ya msimu wa kwanza, Skaboro iliishiwa pesa. Timu ya daraja la juu ilileta bei kwa ajili ya winga. Pesa hizo zingetosha mishahara hadi mwisho wa msimu. Katibu hakuweza kubonyeza. Mtu mwenye jina hilo alikuwa amekaa mbele yake juu ya bidoni.

"Niuze tu, kaka," winga alisema. "Angalau mmoja wetu apande ligi."

Wakamuuza. Majuma machache baadaye winga mwenyewe aliaga, akaenda upande wa Ndjingala kutafuta kazi ya kubeba mizigo kwenye njia za machimbo ya kasiterite. Safari hiyo hakuna klabu iliyolipa chochote. Katibu aliandika katika daftari tarehe ya kuondoka na namba mpya ya simu.

Tarehe 19 Machi 2025 vita vilifika Walikale-centre pia. Watu waliingia porini kwa mara ya pili, wenyeji na wahami pamoja. Mwanzoni mwa Aprili wapiganaji walipoondoka mjini na watu kuanza kurudi, kibanda kilikuwa kimesimama lakini paneli ya sola haikuwepo. Mashini, iliyolala porini ndani ya mfuko wa nailoni, iliwaka. Daftari ndilo lililoingia maji. Wino wa majina manne ulikuwa umeyeyuka. Katibu alifungua Skaboro, akayasoma majina manne kutoka kwenye kikosi, akayaandika upya. Sasa ana madaftari mawili, na moja halikai nyumba moja na lingine.

Baadaye, siku ambayo mtandao ulikuwa mzuri, mwanafunzi mmoja alitafuta katika simu habari za Scarborough ya kweli. Habari ya kwanza ilikuwa mbaya. Klabu hiyo, ambayo mwaka 1987 ilipanda kutoka Conference hadi ligi kuu za kulipwa za Uingereza na mwaka 1999 ikashuka tena, ilikufa mwaka 2007 kwa sababu ya madeni. Vijana waliguna. Walikuwa wanaongoza timu ya marehemu.

Mwanafunzi aliendelea kusoma. Mwaka uleule wa 2007 mashabiki waliunda klabu mpya, Scarborough Athletic, inayomilikiwa na wao wenyewe. Lakini hawakuwa na kiwanja. Walikwenda kuomba kiwanja katika mji wa jirani, Bridlington, na mechi zao zote za nyumbani walizicheza huko. Uwanja wao wa zamani ulibomolewa. Kila msimu watu walipanda mabasi na magari kwenda "nyumbani" ambako hakukuwa kwao. Walirudi kucheza Scarborough mwaka 2017.

"Miaka kumi," mmoja alisema.

"Miaka kumi nao walikuwa wahami," mwingine alijibu, na hapo hapakuwa na kicheko.

Jambo hilo ndilo lililowatoa kibandani. Wale waliobaki Walikale walikwenda kwa vijana wenyeji kuomba wacheze pamoja. Kulikuwa na ubishi juu ya jina. Wahami walitaka jina la mtaa wao wa Masisi, wenyeji walisema kiwanja ni chao. Mzee mmoja aliwauliza ni nani ataleta mpira. Wenyeji walikuwa nao. Basi walikubaliana: jina la hapa, rangi nyekundu ya kule. Katibu ndiye anayeandika daftari, na majina ya wenyeji yamo humo sawa na ya wengine, pamoja na namba ya simu ya mzazi.

Sasa wanacheza Jumapili baada ya ibada. Hawana jezi za kutosha, wengine wanavaa tisheti nyekundu yoyote. Golini yupo kijana mwenyeji, mrefu, anayetoka vizuri kwenye krosi. Amechorewa namba 16 mgongoni kwa kalamu nzito. Namba 1 haijapewa mtu. Hakuna aliyelazimisha hivyo. Kijana mwenyewe ndiye aliyesema ataichukua 16.

Skaboro ilimaliza msimu ya tatu. Katika Conference hiyo ya tatu haipandi popote. Juzi jioni batri ilikuwa imejaa, katibu akabonyeza kuanza msimu mpya, na mama wa kipa alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, simu mkononi, akingoja firimbi.