Kitanda cha Mzee wa Nkololo





Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Vijana wangu wa madrasa hupenda kuniuliza: "Maalim, katika miji yote uliyotembea, ni upi uliokupendeza zaidi? Na sisi tukisafiri tufikie wapi?" Nami huwajibu kwa kadiri ya nilivyoona. Huwaambia, akijaaliwa mtu aende Lamu wakati wa Maulidi, akaone Msikiti wa Riyadha alioujenga Habib Saleh, ambaye asili yake ilikuwa Ngazija, alifika Lamu mgeni na Lamu ikawa kwao mpaka alipofariki mwaka 1935. Huwaambia pia waende Kilwa. Walale Kilwa Masoko, asubuhi wavuke kwa chombo mpaka Kilwa Kisiwani, wasimame ndani ya Msikiti Mkuu chini ya yale makuba ya mawe, wajue ya kuwa wazee wetu walikuwa watu wenye elimu na ufundi. Na mwenye kwenda Unguja, nyumba za wageni za Mji Mkongwe ni nyingi. Na achague iliyo karibu na msikiti, aamshwe na adhana.

Lakini wakinishikilia nitaje mahali pamoja tu, huwataja Nkololo. Hapo wote hucheka, kwani hapana hata mmoja aliyepata kupasikia.

Nkololo, ndugu msomaji, ni kata katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, mkoa uliokatwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, mtama na viazi vitamu. Hapana bahari wala mnazi. Watalii hupita pande zile wakienda Serengeti kutazama nyumbu na simba, wala hawana haja ya kusimama Nkololo. Nami nisingesimama, lau si mpwa wangu, mwalimu wa shule, aliyepelekwa kufundisha huko. Mwezi wa Oktoba mwaka 2014 mkewe alijifungua mtoto wa kike, akaniomba niende nimchinjie akika siku ya saba.

Nilitoka Tanga kwa basi, nikapita Chalinze na Dodoma, nikalala Singida, siku ya pili nikapita Shinyanga na Maswa mpaka Bariadi. Kutoka Bariadi nilichukuliwa kwa pikipiki, kanzu nimeikunja kiunoni, vumbi limenijaa ndevuni. Mpwa wangu alikuwa amepanga chumba kimoja katika mji wa mzee mmoja wa Kisukuma, na ndani ya chumba kile mna mke na mtoto mchanga. Pangu mimi hapakuwepo. Nikawa natazama huku na huku, namwuliza kama iko nyumba ya wageni karibu. Yule mzee akatoka, akanisalimu "Mwangaluka" kwa lugha yao, ingawa jua limekwisha kupanda, kisha akasema kwa Kiswahili: "Shehe, kitanda chako kiko tayari." Akaniingiza katika nyumba yake mwenyewe. Kitanda kilikuwa chake. Yeye usiku ule alilala chini, juu ya ngozi ya ng'ombe, katika nyumba ya mwanawe.

Sasa nakuomba unistahamilie, kwani yanayofuata si ya kujisifu.

Magharibi ilipokaribia niliomba maji ya kutawadha. Nikaletewa ndoo imejaa. Mimi ni mtu niliyekulia penye birika la msikiti na bomba. Nikatawadha kama ninavyotawadha kwetu, nikamimina na kumimina, miguu nikaiosha mpaka ardhi ikawa tope, na yaliyobaki nikayamwaga nikaomba mengine ya kuoga. Mkamwana wa yule mzee akanijia na ndoo ya pili, akapiga goti akaiweka, hakusema neno.

Baada ya Isha nikaandaliwa ugali wa mtama na kuku. Moyo wangu ukaingia shaka. Nikasema nafsini: watu hawa si Waislamu, nani aliyemchinja kuku huyu? Kuuliza niliona haya, na kula niliogopa. Basi nikasema, "Ahsante, mzee wangu, mimi nimeshiba." Nami nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu Shinyanga. Mimi, ninayewafundisha watoto ya kuwa uwongo hauna mdogo, nilimwambia uwongo mtu aliyeniachia kitanda chake. Mzee alinitazama kidogo, akasema, "Basi upumzike," akaondoa chakula kwa mikono yake mwenyewe.

Usiku ule mpwa wangu alinijia akanieleza. Mzee alikuwa amekwenda kwa miguu mchana wa jua kali mpaka kwa Mwislamu mmoja mwenye duka, akamwita aje amchinje yule kuku kwa mkono wake, kwani alisema: "Mgeni wangu ni shehe, nisije nikamlisha kisichomfaa." Na ndoo zile mbili mkamwana alizichota katika mchanga wa mto. Mito mingi ya nchi ile hukauka kiangazi. Watu hufukua shimo mchangani, wakangoja maji yakusanyike, wakayateka kwa kibuyu au kikombe. Ndoo moja huchukua muda kujaa, na kama watu ni wengi hungojwa kwa zamu.

Sikupata usingizi. Alfajiri nilitawadha kwa kikombe kimoja. Tena ndipo nilipokumbuka niliyokuwa nikiyasomesha kwa miaka thelathini: ya kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni kadiri ya viganja viwili vya mtu vikijaa, na akioga kwa pishi yake ya mudi nne, hata tano. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Naijua kwa isnadi yake. Lakini mpaka Nkololo nilikuwa sijapata kuifanyia kazi.

Kulipokucha nilimwendea mzee nikamwambia kweli: "Jana sikuwa nimeshiba. Nilishuku chakula chako, na maji yako niliyachezea. Niwie radhi." Akacheka, akanishika mkono, akasema: "Shehe, mgeni siku ya kwanza hajui nyumba. Kaa, utaijua." Akaagiza tuletewe uji na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Nikala nikashiba kweli. Akika tuliisoma siku ya saba, mbuzi mmoja kama ilivyo sunna kwa mtoto wa kike, na mzee akaketi nasi mpaka mwisho.

Lau kisa kingeishia hapo kingekuwa kisa kizuri. Lakini hakikuishia hapo.

Mwaka 2018 mjukuu wa mzee yule, kijana wa miaka ishirini hivi, alikuja Tanga kutafuta kazi. Babu yake alimpa jina langu na mtaa wangu. Akanijia baada ya Asri, na mfuko begani na kifurushi cha michembe mkononi, zawadi kutoka Nkololo. Mke wangu akaniuliza kwa upole: "Nimtandikie wapi mgeni?" Nami nikaanza kufikiri. Ndani mna mabinti, nikasema haifai. Na hilo ni kweli, sheria yetu inalichunga. Lakini nje, upande wa barazani, kilikuwapo chumba cha madrasa, kitupu tangu Magharibi mpaka asubuhi. Nikasema kina vitabu. Nikasema kina mikeka michafu. Nikampeleka kijana nyumba ya kulala wageni, nikalipa siku mbili, nikajiona nimefanya ihsani.

Babu yake alinipa kitanda chake mwenyewe akalala chini. Mimi nilimpa mjukuu wake stakabadhi.

Asubuhi ya pili moyo ulinisuta, nikaenda kumchukua. Nikaambiwa amekwisha kuondoka na basi la alfajiri. Nikampigia simu mzee. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza, lakini yeye akanitangulia: "Ahsante shehe, kijana amesema alilala salama." Ulimi ukanikwama. Nikasema, "Ahsante nawe," nikakata. Nikajiambia nitakwenda Nkololo mwenyewe nimwombe radhi ana kwa ana. Mwaka ukapita, na wa pili, na mwaka 2020 nikaletewa habari kwamba mzee amefariki.

Ndugu msomaji, wanavyuoni wetu wametufundisha ya kuwa dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba ya kweli, ama haki ya mtu haifutiki mpaka irudishwe kwa mwenyewe au yeye akuwie radhi. Nimemtafuta yule kijana mpaka nikampata kwa simu, nikamwomba msamaha. Akasema: "Shehe, mbona nililala vizuri, palikuwa na feni." Kwake yeye yamekwisha. Lakini babu yake sitampata tena hapa duniani.

Na haya si yangu peke yangu. Ndiyo maana nimeyaandika. Sisi watu wa pwani tunajisifu kwa ukarimu na ustaarabu, na mtu wa bara tunamtaja kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Wazee wetu walikuwaje? Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Ameeleza ya kuwa Mogadishu kila mfanyabiashara aliyeshuka chomboni alishukia nyumba ya mwenyeji wake. Na yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mwanachuoni, alipewa nyumba ya wanafunzi wa elimu, akaletewa chakula siku tatu. Nyumba ya wanafunzi, ndugu yangu! Nilipokisoma kisa hicho tena baada ya yale yaliyonipata, nilikikumbuka chumba changu cha madrasa, nikafunga kitabu.

Basi kwa wale wanaoniuliza wafikie wapi, nasaha zangu ni hizi.

Kwanza, usichague malazi kwa godoro. Chagua mahali utakapoweza kusali kwa wakati na kulala bila ya kuona au kusikia ya haramu. Nyumba ya wageni ya bei ndogo iliyo karibu na msikiti ni bora kuliko hoteli yenye ulevi chini ya dirisha lako.

Pili, ukifika, uliza kibla na wakati. Kwetu Tanga kibla ni kaskazini karibu sawasawa. Nkololo huelemea kidogo mashariki ya kaskazini. Na jua huko huchwa kiasi cha dakika ishirini baada ya kuchwa kwetu, basi usifuturu kwa saa ya Tanga. Tena ujue, kwa madhehebu yetu ya Shafii, ukinuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, utatimiza sala zako na hutapunguza.

Tatu, ukiwa na shaka na chakula, uliza kwa adabu. Kuuliza si aibu, aibu ni kusema uwongo. Mwenyeji mwema hufurahi kuulizwa, na huenda amekwisha kukutangulia kwa jambo unaloliogopa.

Nne, yapime maji ya mwenyeji kabla ya kuyamimina. Uliza yametoka wapi na nani ameyabeba.

Tano, usiwe mzigo. Mtume (S.A.W.) ameifanya haki ya mgeni kuwa siku tatu, na zaidi ya hizo ni sadaka, tena akamkataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji katika dhiki.

Na la mwisho ni kwako wewe unayebaki nyumbani. Kila mwenye kusafiri ameacha nyumba, na kila mwenye nyumba atajiwa na msafiri. Nabii Ibrahim alijiwa na wageni asiowajua, akawaletea ndama aliyenona kabla hajajua ni kina nani. Hakuwauliza kabila wala wametoka upande gani. Basi akipiga hodi mtu wa Bariadi, au wa Kigoma, au wa Songea, usianze kuhesabu vyumba. Mpe lililopo. Pakiwa hapana nafasi kweli, mwambie kweli, umsindikize, urudi asubuhi mapema na chai.

Mimi chumba cha madrasa nimekitia kitanda. Shuka zake mke wangu huzifua kila Alhamisi, alale mtu asilale. Tangu hapo wamelala wageni kadhaa, na mmoja wao alikuwa Msukuma. Nilipompelekea maji ya kutawadha alipokea kikombe, akaniambia kinatosha.

Namwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyowapunguzia wageni wetu, na atufanye wepesi wa kufungua milango kabla ya kubishiwa mara ya pili. Amin.

Wabillahi Tawfiq.