Kinachogonga na Kilicholegea

Kitu kikigonga, sikio hukimbilia kule inakotoka sauti. Baiskeli ikilia, mtu hushika mnyororo. Mlango ukipiga kelele, hulaumiwa bawaba. Lakini sauti na ugonjwa si lazima vikae mahali pamoja. Jambo hili, ndugu msomaji, nilifundishwa na bunduki, huko Nyamuswa katika nchi ya Waikizu, mwaka 1982, nikiwa kijana wa mgambo mwenye miaka 23.

Hapana budi nieleze kwanza hali ya wakati ule. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umetaka wananchi wafundishwe kujilinda wenyewe, na majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera Oktoba 1978, wanamgambo wengi waliingia vitani pamoja na jeshi letu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Vita vikaisha, lakini silaha hazikuisha pamoja navyo. Kwetu Mara, wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki na mishale ukawa wa risasi. Ndiyo maana kikosi chetu kidogo kilipewa bunduki chache za kulindia mifugo.

Bunduki zenyewe zilikuwa zile ambazo askari wetu huziita SAR. Jina lake la asili ni SKS. Ilibuniwa na Mrusi, Sergei Simonov, mwaka 1945, na Wachina wakaja kuitengeneza kwa wingi. Hula risasi 10, na kila ukivuta triga hutoka moja, kisha bunduki hujikoki yenyewe kwa nguvu ya gesi ya baruti. Uzito wake ni karibu kilo 4. Ni chombo kivumilivu, kisichosumbua sana hata mikononi mwa wakulima kama sisi.

Usiku mmoja wa kiangazi likapigwa yowe. Ng'ombe 11 walikuwa wametolewa zizini, na nyayo zilielekea mashariki, upande wa Natta. Tulipokusanyika, bunduki moja ilikuwa inagonga. Ukitembea nayo, ta-ta-ta, kama kibuyu chenye kokoto. Mwenzetu mmoja alisema ni kifuniko cha juu, tukifunge kwa mpira wa baiskeli twende. Mwingine akasema ni pini, ipigwe nyundo. Nje wenye ng'ombe walikuwa wanalia, na kila dakika ng'ombe walizidi kwenda mbali.

Kiongozi wetu alikuwa mzee aliyepigana Uganda. Akaomba taa, nami nikamshikia chemli. Kwanza alitoa risasi zote, akavuta boliti nyuma, akatazama ndani ya chemba, kisha akaingiza kidole cha mwisho kuhakikisha. Halafu akauliza:

"Vijana, kipi kinagonga, na kipi kimelegea?"

Tukamjibu, "Si ni kimoja hicho hicho, Mzee?"

"Tutaona."

Akashika kifuniko, akakitikisa. Kilicheza kidogo, lakini pini yake ilikuwa imelala mahali pake. Akasema mchezo kama ule ni wa kawaida, kiwandani kilitoka hivyo. Akashika bomba la gesi: lilikuwa imara. Akashika kisu cha mbele: imara. Mwisho akafungua sehemu ya triga kwa chini, akairudisha. Katika bunduki nzima ya namna ile, sehemu hiyo hukataa kwanza. Unaisukuma kwa kiganja mpaka ilie na kushika. Hii iliingia kimya, kama mkono unaoingia mfukoni.

"Mbao," alisema. "Chuma hakina kosa."

Bunduki ile ilikuwa imesimama miezi mingi chini ya bati, katika joto. Mbao za kitako zilikauka zikasinyaa, na sehemu ya triga, ambayo ndiyo huvuta chuma na mbao vishikane, ikakosa cha kubana. Chuma chote kikawa kinacheza ndani ya mbao, na kifuniko kikalia kwa sababu chenyewe ndicho chepesi kuliko vingine. Kukifunga kwa mpira kungenyamazisha sauti tu. Risasi zingekwenda kombo, na pengine sehemu ya triga ingefunguka katikati ya mapambano, mtu akabaki na fimbo mkononi.

Mzee akaifungia ile bunduki ofisini. Tukaondoka na silaha pungufu, na kwa sababu hiyo akatukataza kuwafuata wezi porini gizani. Asubuhi nyayo zilikuwa zimepotelea kwenye mawe. Ng'ombe wale 11 hawakurudi.

Mzee alikwenda peke yake kwa mwenye mali kumweleza. Alitukanwa mbele ya watu, akasikiliza mpaka mwisho, akaaga. Wiki ile ile bunduki ikapelekwa kwa fundi wa silaha, ikabadilishwa kitako. Iliporudi, sehemu ya triga ilikataa kama inavyopaswa, na kifuniko hakikulia tena, ingawa hakuna aliyekigusa.

Nimelifikiria sana jambo hilo kila niliposikia mkutano wa kijiji kuhusu wizi wa mifugo. Anayesikika ni kijana aliyekamatwa na kamba mkononi. Huyo ndiye kifuniko. Watu humfunga, humpiga, wengine wameuawa, na kelele hutulia kwa mwezi mmoja. Lakini ng'ombe haliwi usiku mmoja na wezi watatu. Kuna aliyemnunua bila kuuliza alama, kuna aliyemchinja, kuna aliyemsafirisha, na kuna baba aliyepokea mahari bila kutaka kujua zizi alilotoka. Huko ndiko mbao zilikosinyaa.

Sisemi kijana yule asishtakiwe. Sheria ipo, na ifuate mkondo wake. Nasema kwamba kabla ya kukaza chochote, tutoe kwanza risasi, yaani hasira, kisha tushike kila sehemu moja moja na kuitikisa, pamoja na zile zisizopiga kelele. Kazi hiyo huchukua muda, na anayeifanya huenda akatukanwa na watu wenye haki ya kulia. Mzee yule alijua hivyo kabla ya kuomba taa.