Makopo ya Taa

Mwezi wa Oktoba unapokaribia kwisha hapa Arusha mijakaranda huwa imechanua, na watu wanaitazama Meru kuona kama wingu la vuli limeshuka. Miaka hii kuna jambo jingine linalokuja na majira hayo. Watoto wanarudi nyumbani na habari za Halloween. Wanataka barakoa za mafuvu, wanataka boga lichongwe macho na meno, wanataka kubisha hodi kwa majirani wapewe peremende. Wengine wameyaona kwenye katuni za televisheni, wengine wameyakuta shuleni.

Sisi ni dada wanne tuliokulia Themi, katika nyumba iliyokuwa na makanisa mawili. Mama ni Mlutheri wa Akeri, Umeruni. Marehemu baba alikuwa Mkatoliki wa Kibosho, Kilimanjaro. Katika utoto wetu, miaka ya 1970, Tanzania Bara haikuwa na televisheni, wala neno Halloween hatukulisikia. Lakini siku zake tulizijua sana.

Tarehe 31 Oktoba ilikuwa ya mama. Ni siku ya kukumbuka Matengenezo ya Kanisa, na Jumapili iliyo karibu nayo tuliandamana naye kanisani, tukaimba wimbo wa Luther mpaka sauti zikakauka. Tarehe 1 Novemba, Watakatifu Wote, na tarehe 2, Marehemu Wote, zilikuwa za baba. Alipopata ruhusa kazini tulipanda basi mpaka Moshi, tukatafuta gari la kupanda mlimani, na kipande cha mwisho tukakimaliza kwa miguu.

Huko Kibosho bibi alikuwa ametuwekea makopo matupu ya maziwa ya unga. Kazi yetu ilikuwa kuyatoboa kwa msumari na jiwe. Kila mmoja alijichorea lake: huyu msalaba, huyu nyota, na mdogo wetu alitoboa ovyo tu akasema ni mvua. Ndani uliwekwa mshumaa, na upepo haukuweza kuuzima. Jioni tulikwenda nayo kihambani, katikati ya migomba, makaburini. Mchana baba na wajomba walikuwa wamepalilia, wamepaka chokaa, na kuangalia kama masale yaliyopandwa pale bado yanasimama.

Tuliogopa? Tuliogopa sana! Majani ya migomba yakitikisika gizani, kila mmoja alimshika mwenzake nguo. Lakini baba hakuturuhusu kukimbia. Alisimama kwenye kila kaburi akauliza, “Huyu ni nani?” Nasi tulipaswa kulitaja jina, na jambo moja alilolifanya mtu huyo: huyu alichimba mfereji, huyu alikuwa mkali, huyu alimlea bibi yenu baada ya mama yake kufa. Hakuna aliyerudi kula mtori kabla makaburi yote hayajatajwa.

Tulipokuwa watu wazima ndipo tukasoma na kushangaa kwamba mambo haya yote ni ya mkesha mmoja. Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Siku ya Marehemu ilianzishwa na Abate Odilo wa Cluny, Ufaransa, mnamo mwaka 998. Huko Uingereza ya zamani maskini na watoto walipita nyumba kwa nyumba wakiomba vimkate, na malipo yake yalikuwa kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Waayalandi walichonga taa katika mizizi minene inayofanana na figili, na walipohamia Marekani wakakuta maboga, ambayo ni makubwa na laini zaidi kuchonga. Luther naye hakuichagua tarehe 31 Oktoba 1517 bila sababu. Kanisa la ngome pale Wittenberg lilikuwa la Watakatifu Wote, na kesho yake watu wangefurika kutazama masalia ya watakatifu. Hoja zake 95 zilihusu vyeti vya msamaha vilivyouzwa, hata kwa ajili ya marehemu walioko toharani. Kumbe mama na baba walikuwa wakibishana juu ya usiku uleule! (Tarehe 31 Oktoba 2016 Papa Fransisko aliposali na Walutheri huko Lund, Sweden, mama alisikia redioni akasema tu, “Laiti baba yenu angalikuwepo.”)

Mwaka 2022 tulimzika kaka yetu, mtoto wa mwisho wa mama. Aliacha mtoto wa kiume wa miaka sita. Oktoba iliyofuata shule ya mtoto ikaagiza barakoa, naye akaja nayo kwa bibi yake Themi. Ilikuwa fuvu jeupe la karatasi. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akauliza, “Shangazi, baba naye sasa yuko hivi?”

Hakuna aliyemjibu. Alipotoka nje tukaanza sisi kwa sisi. Mmoja wetu akasema ni ushetani mtupu, barakoa ichomwe moto. Mwingine akasema ni mchezo, watoto duniani kote hupenda kutishana. Wifi alikaa kimya. Mama, ambaye sasa amepita miaka 80, alituacha tukachoka, kisha akasema, “Mnagombania karatasi. Mtoto ameuliza habari za baba yake.”

Sisi hatuipendi Halloween, na tunasema wazi kwamba shetani si sababu yetu kubwa. Wafu wake hawana majina. Fuvu lile si la mtu yeyote, na mtoto anafundishwa kulicheka au kulikimbia.

Barakoa aliivaa shuleni, hatukumzuia. Jumamosi ya tarehe 4 Novemba 2023 tukaondoka naye na binamu zake kwenda Kibosho. Mvua ilikuwa nyingi mwaka ule, gari likatuacha chini kwenye tope. Makopo tulikuwa tumeyatoboa usiku barazani Themi, majirani wakauliza tunagonga nini.

Tulianza na makaburi ya zamani, kama baba alivyofanya. Tulipofika kwa kaka yetu, aliyekuwa amesema habari za ushetani alimshukuru Mungu kwa maisha yake, kwa maana yeye ni Mlutheri kama mama na hawaombei marehemu. Aliyefuata upande wa baba akamwombea raha ya milele. Mtoto akawatazama wote wawili.

“Huyu ni nani?” tukamuuliza.

Akalitaja jina la baba yake, lote, matatu. Jambo moja je? Akafikiri. Akasema baba alikuwa anampigia mluzi kutoka getini kabla hajafungua, ili ajue ni yeye.

Hilo sisi hatukulijua. Wifi alilijua. Manyunyu yakazima mshumaa, mtoto akaomba kiberiti.