Sikukati Kalima

Mzee alikuwa dakika ya 22 ya jibu lake la kwanza. Nilikuwa nimemwuliza alianzaje kuandika. Akaanzia kwa babu yake, akapitia Tanga, akapanda jahazi, na sasa alikuwa forodhani anashusha mizigo. Hadithi tamu, ukumbi unacheka, lakini tulikuwa na saa moja tu, na maswali yangu yote yalikuwa mapajani hayajaguswa. Fundi wa vipaza sauti, kule nyuma, akaigonga saa yake kwa kidole. Nikajikohoza.

"Sikukati kalima, mzee..."

Akanyamaza, akanitazama kwa juu ya miwani. "Umeshaikata," akasema. "Haya, iunge."

Kazi yangu ni hiyo: kukaa na waandishi na wasanii jukwaani, mbele ya watu, na kuwauliza. Ni mwaka wa 11 sasa, zaidi Dar es Salaam, mara mojamoja Unguja. Mabango huniita mwongozaji, mengine mshereheshaji. Mama yangu, aliyekuja mara moja akaondoka kabla ya chai, anaiita kazi hii umbea wa kulipwa nauli.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni shikamoo. Usiku wangu wa kwanza nilipanda jukwaani, nikainama kidogo, nikamwamkia mgeni kwenye maiki. Ukumbi ukapiga makofi kwa adabu yangu. Kumbe nimejifunga mwenyewe. Mtoto aliyetoka kuamkia mbele ya kadamnasi atamwulizaje mtu mzima kwa nini kitabu chake cha pili hakifiki kile cha kwanza? Saa nzima nilimwuliza mambo ambayo yamekwishaandikwa kwenye jalada la nyuma. Siku hizi shikamoo naitoa kabla, kwenye chai, na kuipa haki yake yote: habari za nyumbani, za wajukuu, za goti linalouma wakati wa masika. Tukipanda jukwaani heshima imeshalipwa. Naanza na swali.

Na sisemi "mzee" tena nikiweza kusema "mwalimu". Waandishi wetu wengi wamefundisha, na hata asiyewahi kushika chaki hakatai jina hilo. Faida yake ni kwamba mwanafunzi ana ruhusa ambayo mjukuu hana. Mjukuu akirudia swali anaambiwa ana utovu wa adabu. Mwanafunzi anasema, "Mwalimu, sijaelewa," na mwalimu analazimika kuanza upya.

Nakumbuka mshairi mmoja aliyeanza na vina na mizani, halafu katikati ya maisha akaviacha vyote. Nikamwuliza sababu. Akasema ushairi ni uhuru. Mwalimu, sijaelewa. Akanipa somo zuri kabisa: Kezilahabi na Kichomi, diwani yake ya mashairi huru ya mwaka 1974, zogo lililofuata, wanamapokeo wakishikilia sheria za utunzi alizoziandika Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, mashairi ya wengine yakiitwa guni. Kila neno lilikuwa kweli, na nusu ya ukumbi waliyajua hayo tangu kidato cha tano. Mwalimu, bado sijaelewa. Safari hii hakujibu. Akachukua glasi ya maji, hakunywa, akairudisha mezani. Nilibana ulimi kwa meno ili nisimsaidie, maana hapo ndipo wengi wetu tunaharibu: tunauogopa ukimya kama umeme uliokatika, tunakimbilia kuwasha chochote. Kisha akasema baba yake alikuwa mtunzi, na kwamba barua alizokuwa akimwandikia kutoka bweni zilikuwa zikirudi zimehesabiwa mizani kwa wino mwekundu. Hata ile ya kuomba ada. Baba alipofariki, akasema, hakuona tena wa kumhesabia.

Hilo halimo katika dibaji yoyote.

Sasa nitaje na aibu yangu. Kuna riwaya niliyopewa Jumatano, mazungumzo Ijumaa, nikaisoma mpaka robo tatu na kujiambia inatosha. Jukwaani nikamwuliza mwandishi, kwa sauti ya mtu aliyetafakari, kwa nini alichagua kumwacha mhusika wake mkuu akiendelea kuishi baada ya mateso yote yale. Akanishika mkono, kwa upole hasa. "Mwanangu," akasema, "yule tulishamzika." Wasomaji walicheka kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kitabu chenyewe. Tangu siku ile sikai kitini bila kufika ukurasa wa mwisho, na nikikosa muda nakataa kazi, nauli au hakuna nauli.

Watu wakipewa maiki ni habari nyingine. Wa kwanza husimama na kusema hana swali, ana mchango. Mchango una sehemu tatu. Nyuma yake wanakuja wanafunzi wa sekondari na madaftari, kwa sababu mgeni ana kitabu kwenye orodha ya vitabu teule, na wanataka kujua dhamira kuu, dhamira ndogondogo na falsafa ya mwandishi. Nimemwona mwandishi akitoka jasho kwa swali la falsafa yake. Binti wa kidato cha nne akamsomea jibu kutoka daftarini; mwandishi akashukuru, akaomba nakala ya daftari. Na tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, apate Tuzo ya Nobel mwaka 2021, hapiti mgeni bila mtu kuuliza kwa nini Gurnah anaandika kwa Kiingereza, hata mgeni wangu akiwa mchora katuni. Ida Hadjivayanis alipoitafsiri Paradise, riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994, ikatoka kama Peponi mwaka 2022, nilidhani tumepona. Sasa wanauliza kwa nini tulisubiri miaka 28. Swali hilo, kusema kweli, ni zuri kuliko yangu mengi.

Lakini hadhira iliyonifundisha kunyamaza niliikuta Unguja, uani, chini ya mkungu, mgeni akiwa mwimbaji wa taarabu mwenye umri mkubwa. Nilikuwa na maswali 14. La kwanza na la pili aliyajibu kwa neno mojamoja, mikono imelala juu ya kanga. Katika la tatu, kuhusu usiku alioimba mara ya kwanza bila mumewe kujua, mwanamke wa mstari wa mbele akainuka, akaja taratibu kwa madaha mpaka jukwaani, akamtunza noti ya elfu tano kama bendi inapiga. Bibi akacheka, akaitia kifuani. Akaniacha mimi, akawageukia wao. Jibu likapata mwendo: mlango uliofungwa kwa kipande cha kamba ili usilie, viatu mkononi, jirani aliyemwona akafumba jicho. Mwingine akaja na noti, na mwingine. Nikakunja karatasi yangu nikaikalia.

Alipomaliza akanigeukia, kiganja wazi.

"Na wewe je, hunitunzi?"

Nikajipapasa. Nilikuwa na nauli ya kurudi bandarini, basi. Nikaitoa.