Kisanduku Kitupu

Meseji ilimfikia shangazi saa mbili usiku: "Hujachanga mwezi huu. Faini shilingi 2,000."

Alikuwa amechanga. Alimkabidhi mweka hazina pesa mkononi, kisha akawahi hospitali alikokuwa akimuuguza mjomba. Mweka hazina alikuwa bado hajaziandika tu. Kisanduku chake kwenye jedwali kilikuwa kitupu.

Programu ya kikoba chao niliiandika mimi, kwa JavaScript, bure, kwa majivuno ya mhitimu mpya. Niliiagiza: mchango ukiwa sawa na 0, tuma faini. Ilisoma kila kisanduku kama maandishi, nami nikalinganisha kwa alama ya ==, ambayo vitu vya aina mbili ikivikuta, huvigeuza kwanza ndipo ivilinganishe. Maandishi matupu yakigeuzwa kuwa namba huwa 0. Kwa hiyo "" == 0 ni kweli. "0" == 0 nayo ni kweli. Lakini "" == "0" si kweli, kwa kuwa hapo pande zote ni maandishi na hakigeuzwi kitu. Wawili wanafanana na wa tatu, ila wao kwa wao hawafanani.

Brendan Eich aliitengeneza lugha hiyo kwa siku 10, Mei 1995. Kuigeuza == baadaye kungevunja kurasa nyingi zilizokwishaandikwa, basi kiwango cha mwaka 1999 kikaweka kando yake alama nyingine, ===, isiyogeuza chochote. PHP ilithubutu zaidi: hadi toleo la 7, 0 ilikuwa sawa na "abc", toleo la 8, mwaka 2020, likaifuta tabia hiyo.

Nilirekebisha usiku uleule. Faini kwa === "0" pekee; kisanduku kitupu kikapata ujumbe wake: "Bado haijaandikwa." Mistari miwili.

Asubuhi nilikwenda kumwamkia shangazi na kumwomba radhi. Nikamweleza habari za alama, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwanangu, kutoandikwa na kutotoa ni kitu kimoja?"

"Hapana, shangazi."

Akanionyesha simu yake. Faini alikuwa ameshailipa, jana ileile, kwa pesa ya nauli ya hospitali.

"Mbona hukunipigia?"

"Nilijua umehesabu wewe," akasema. "Nikadhani nimesahau mimi."