Kuchagua Pawa Saplai ya Kompyuta Yenye Kadi Mbili

Vijana wanaojiundia kompyuta za michezo hapa Unguja, wakikutana, huzungumza kwanza juu ya kadi ya grafiki, kisha prosesa, kisha ukubwa wa kioo. Sijamsikia hata mmoja akianza na pawa saplai, yaani lile sanduku la chuma lenye feni ambalo hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe wa kufaa kwa vyombo vya ndani ya kompyuta. Nyumbani kwetu sanduku hilo lilituletea majadiliano ya wiki tatu. Kwa kuwa wenzangu wengi wameniuliza jinsi tulivyolichagua, nimeona afadhali niiandike habari yenyewe katika gazeti letu la skuli kuliko kuirudia kila jioni barazani.

Kompyuta hiyo si yangu. Ni ya kaka yangu, mtoto wa ami, ambaye kazi yake ni kuchora majumba kwa kompyuta, ili mwenye kujenga aione nyumba yake kabla tofali la kwanza halijawekwa. Mchana huchora, na usiku hucheza michezo ya mpira na ya mashindano ya magari, nami huwa mpinzani wake. Alikuwa na kadi mbili za GeForce GTX 1080, zilizokwisha kutumika, alizoletewa kutoka Dubai. Kadi za namna hiyo zilitoka mwaka 2016, na kwa kazi yake zafaa bado.

Yanipasa niseme kweli juu ya kadi mbili. Kampuni ya NVIDIA ilianza mwaka 2004 kuuza kadi ziwezazo kuunganishwa mbili mbili ili ziusukume mchezo mmoja kwa pamoja, na mpango huo ukaitwa SLI. Kwa miaka mingi kila kijana mwenye kupenda michezo aliuota. Lakini kuanzia tarehe 1 Januari 2021 kampuni hiyo iliacha kuitengenezea michezo mipya matayarisho ya SLI, na kadi ya RTX 3090 Ti ya mwaka 2022 ilikuwa ya mwisho miongoni mwa kadi zake za michezo kuwa na nafasi ya kuunganishwa. Kwa hiyo katika michezo mingi ya sasa kadi ya kwanza hufanya kazi na ya pili hukaa kama abiria. Mtu akiniuliza leo anunue kadi mbili za zamani au moja mpya, kwa ajili ya mchezo tu, nitamwambia anunue moja. Kaka alikuwa na sababu nyingine. Programu ya Blender, anayoitumia katika uchoraji, hugawa kazi kwa kadi zote mbili bila ya kuzihitaji ziunganishwe, na picha iliyokuwa ikichukua usiku mzima humalizika katika nusu ya usiku. Michezo ya zamani anayoipenda nayo huzijua kadi mbili, basi akapata faida mara mbili.

Tukakaa na kalamu na karatasi. Kadi moja ya GTX 1080 imekadiriwa na watengenezaji wake kutumia wati 180, na mbili ni wati 360. Prosesa yake ni ya wati 91. Ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, pamoja na diski na feni, tukavikadiria wati 60. Jumla ni wati 511. Lakini kadi za grafiki zina tabia ya kurukaruka: kwa muda mfupi sana, sehemu za elfu za sekunde, kadi huweza kuvuta umeme mwingi kuliko wati zake zilizoandikwa. Kadi mbili zikiruka pamoja, pawa saplai dhaifu hujizima papo hapo, na kazi ya saa sita ikapotea. Kwa hiyo hatukutaka ya wati 550. Tulitaka ya 750, ifanye kazi bila ya kuhema.

Ya 750 tuliipata siku ile ile katika duka moja la Darajani, tena kwa shilingi 55,000. Namba 750 ilikuwa imeandikwa ubavuni kwa tarakimu kubwa nyekundu. Kaka akaniangalia kwa furaha. Mimi nikaomba niigeuze nisome ile karatasi ndogo iliyobandikwa upande wa pili, ambayo watu wengi hawaisomi.

Karatasi hiyo ndiyo kitambulisho cha pawa saplai. Ina safu za namba: njia ya volti 3.3, njia ya volti 5, na njia ya volti 12, na chini ya kila moja ampea zake. Katika kompyuta za siku hizi karibu kila chombo kizito, yaani prosesa na kadi, hula katika njia ya volti 12. Hizo nyingine zina kazi ndogo. Penye volti 12 paliandikwa ampea 25. Kila aliyesoma Fizikia anajua kwamba wati ni volti mara ampea, na 12 mara 25 ni 300. Hizo 450 zilizobaki zilikuwa wapi? Baadhi zimejazwa katika njia ambazo kompyuta yetu haina haja nazo, na baadhi, kwa maoni yangu, zilikuwa katika ule wino mwekundu tu. Tena ilikuwa nyepesi mkononi kama sanduku tupu. Nyaya za kadi zilikuwa moja tu, yenye pini sita, na sisi tulitaka mbili za pini nane, kwani kadi ya GTX 1080 hupata wati zisizozidi 75 kutoka kwenye ubao mkuu na zilizobaki huzitaka kwa waya wake wenyewe. Mwenye duka akatuonyesha kipande cha kuungia ili waya wa diski ulishe kadi. Vipande hivyo huyeyuka. Waya wa diski haukutengenezwa kwa mzigo huo.

"Kijana," akaniambia mwenye duka, "watu wananunua hizi kila siku, wala hawarudi." Sikumjibu, kwani mtu mzima habishiwi dukani kwake. Tukaaga tukatoka.

Pawa saplai tuliyoikubali ilikuwa ya kuagizwa kutoka Dar es Salaam. Nayo imeandikwa 750, lakini penye volti 12 ina ampea 62, yaani wati 744. Bei yake shilingi 310,000, na kaka alikuwa na 190,000. Kwa fedha hizo aliweza kupata nzuri ya wati 550, yenye ampea 45, na akatumia kadi moja, ile ya pili ikangoja kabatini. Mimi niliona hivyo ndivyo vyema. Yeye alikuwa ameahidi michoro ya nyumba tatu, na watu walikwisha kutoa malipo ya mwanzo. Kwake ile ya shilingi 55,000 ilianza tena kupendeza, na kila siku aliitafutia sababu mpya.

Wakati huo nikasoma zaidi, na nikaona kwamba kwetu sisi watu wa kisiwani jambo lenyewe ni kubwa kuliko hesabu ya wati. Umeme wetu mwingi hutoka bara, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980, nao uliweza kupitisha megawati 45. Mwaka 2008, tangu tarehe 21 Mei mpaka 18 Juni, Unguja ilikaa kiza. Kisha tukapatwa tena tangu tarehe 10 Desemba 2009 mpaka tarehe 9 Machi 2010, miezi mitatu kamili. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, lakini wazee husimulia jinsi vichochoro vya Mji Mkongwe vilivyojaa moshi na kelele za majenereta, na jinsi maji yalivyokuwa yakibebwa kwa ndoo kwa sababu pampu zilisimama. Mwaka 2013 waya mwingine wa megawati 100 ulianza kazi, kwa msaada wa Marekani. Hata hivyo, anayeishi hapa ajua kuwa umeme hupanda na kushuka, na mvua za masika zikianza taa hukonyeza.

Haya yote pawa saplai hukutana nayo kabla ya chombo kingine chochote cha ndani. Iliyo nzuri huandikwa kuwa yapokea volti 100 mpaka 240. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 180, hiyo huvuta ampea nyingi zaidi ukutani na kuendelea na kazi yake. Zile za rahisi aghalabu zina kitufe chekundu nyuma cha kuchagua 115 au 230, na asiyejua akikisogeza kwenye 115 katika nyumba ya Unguja, atasikia mlipuko na kunusa harufu. Tena kuna suala la muda. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, basi mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Pawa saplai ya kufaa hushikilia mzigo kwa kiasi cha milisekunde 16 baada ya umeme kukatika, kwa akiba iliyo katika kapasita zake. Ni muda mdogo kuliko kupepesa jicho, lakini watosha UPS kuamka na kushika kazi. Ile yenye kapasita ndogo huanguka kabla ya UPS haijageuka, na mtu akailaumu UPS bure.

Na joto je? Nyingine hupimwa wati zake katika chumba cha nyuzi 25, na nyingine katika nyuzi 40 au 50. Atakayeniambia ni mwezi gani wa kaskazi ambapo chumba cha juu cha nyumba ya Malindi kina nyuzi 25, nitamshukuru.

Tukazungumza hayo mbele ya bibi yetu, ambaye nyumba ni yake. Ni nyumba ya mawe na chokaa, na dari zake ni za boriti za mikoko zilizokauka miaka mingi. Alikuwa akichambua mchele, nasi tulidhani hatusikilizi. Akainua uso akamwuliza kaka:

"Hicho cha rahisi kikifa, hufa peke yake?"

Kaka akanyamaza. Mimi nikamweleza bibi kuwa pawa saplai njema ina walinzi ndani yake: volti zikizidi hujikata, ampea zikizidi hujikata, nyaya zikigusana hujikata. Isiyo na walinzi hao yaweza, ikifa, kuzipitishia kadi zote mbili na ubao mkuu volti zisizo zao, na pengine kushika moto.

"Basi si rahisi," akasema. "Na mnataka kukilaza chini ya boriti zangu?"

Jioni ile akatoa shilingi 120,000, fedha za zamu yake ya upatu, akamkopesha kaka kwa sharti kwamba deni lilipwe kabla ya zamu nyingine, na kwamba kompyuta isiachwe ikiwaka usiku hali hakuna mtu aliye macho karibu nayo. Kaka alilikubali sharti la pili kwa uzito kuliko la kwanza, maana picha zake hupikwa usiku. Sasa hupanga kulala mchana siku za kazi kubwa.

Kuna jambo moja la fedha ambalo bibi alilipenda nilipomfanyia hesabu. Pawa saplai haitoi umeme wote inaoupokea. Sehemu hugeuka joto. Ya kwetu ina alama ya dhahabu ya 80 PLUS, nayo hutoa kiasi cha asilimia 90. Kompyuta ikihitaji wati 500, ukutani huvuta kama 556. Kwa chombo cha asilimia 75 ingevuta 667. Tofauti ni wati 111, na kwa saa tano kila siku kwa siku 30 ni karibu uniti 17 katika mita ya TUKUZA. Si fedha nyingi kwa mwezi, lakini zarudi kila mwezi.

Siku ya kuifunga, kila kadi tuliipa waya wake peke yake, ingawa waya mmoja ulikuwa na ncha mbili. Katika plagi tukaweka fyuzi ya ampea 5 badala ya 13, kwani kompyuta haifiki hata ampea 3. Tukamwomba fundi wa mtaani aje na mita yake. Saa nne asubuhi, kadi zote mbili zikichora, ukutani palikuwa na volti 221, na mita ikasoma ampea 2.4, yaani wati 530. Saa mbili usiku, majirani wote wamewasha taa na pasi, volti zilikuwa 209, na ampea zikapanda kuwa 2.5, na picha ikaendelea kuchorwa bila ya kusita. Fundi akatikisa kichwa akasema kwamba tupime tena katika mwezi wa Ramadhani, karibu na magharibi, wakati majiko ya umeme ya mtaa mzima yanapowaka. Nimekwisha kuchora jedwali la kuandikia namba hizo.